Mfuko wa maji na sindano ya kupunguza uzito: kutoka Birmingham hadi Tanga

Watazamaji wapenzi, karibuni. Hiki mnachokiona mkononi mwangu, kinachofanana na pochi ya miwani iliyovimba, ni mfuko wa kuhifadhia dawa ya sindano usiohitaji umeme wala barafu. Desemba iliyopita nilisafiri nao kutoka Birmingham hadi Tanga kwa mapumziko ya wiki sita, kalamu yangu ya Mounjaro, yaani sindano ya kupunguza uzito yenye umbo la kalamu, ikiwa ndani yake, na leo nitawaeleza uliponisaidia na ulipochemka.

Ndani ya kitambaa mna chembechembe ambazo, ukiuloweka mfuko katika maji ya bomba kwa dakika kumi hivi, hunywa maji na kugeuka jeli. Maji hayo hutoka taratibu kupitia kitambaa, na yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Kwa maneno mengine, huu ni mtungi. Bibi zetu waliuweka mtungi kivulini, penye upepo, maji yakapoa bila msaada wa mtu. Na kama ulivyo mtungi, mfuko huu hupoza lakini haufikii ubaridi wa friji.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kalamu ambayo haijaanza kutumika mahali pake ni kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ukishaanza kuitumia, kalamu ya Mounjaro ya dozi nne tunayopewa Uingereza inaweza kukaa nje ya friji siku 30 mradi joto lisipite nyuzi 30, na ile ya Wegovy, sindano nyingine ya kupunguza uzito, ya dozi nne wiki 6. Wenzetu walioko Marekani, wenye kalamu za dozi moja, wana hesabu nyingine: Mounjaro siku 21, Wegovy siku 28. Kwa hiyo soma karatasi iliyomo ndani ya boksi lako mwenyewe, usifuate hesabu ya rafiki hata kama dawa ni ileile. Kazi ninayoupima nayo mfuko huu, basi, ni moja tu: kuiweka kalamu iliyokwisha kuanzwa chini ya nyuzi 30.

Nyumbani Birmingham, chumba kikiwa nyuzi 21, kipimajoto nilichokitia ndani ya mfuko kilishuka hadi 17, nami nikafurahi mno. Kwenye ndege niliubeba katika mzigo wa mkononi, pamoja na boksi lenye jina langu na barua ya daktari, kwa sababu dawa hii ikiganda imeharibika, na sanduku linalokwenda chini ya ndege huweza kukutana na baridi kali.

Matatizo yalianza kwenye basi la kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeufunga mfuko ndani ya mfuko wa nailoni ili usiloweshe nguo, na baada ya saa moja kipimajoto kilisoma 29. Kosa lilikuwa langu, maana mtungi uliofunikwa gubigubi hauwezi kupoza kitu. Niliutoa, nikauning'iniza kwenye ndoano ya kiti, mbali na jua, na kabla ya kufika Segera ulikuwa umeshuka hadi 27. Hapo ndipo ulipokomea. Tanga ya Desemba, nje kukiwa na nyuzi 32 na hewa nzito ya bahari ambayo tayari imejaa maji, mfuko hauna pa kupelekea mvuke wake. Mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi angepata matokeo mazuri zaidi kwa mfuko huuhuu. Kwa pwani ninaukubali, ila kwa shingo upande: nyuzi tatu za akiba ni chache, na kuusahau ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuitupa dawa.

Kalamu yangu ya pili, ambayo haikuwa imeanzwa, sikuthubutu kuitia kwenye mfuko huu. Ilisafiri ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, pamoja na pakiti ya jeli iliyogandishwa na kuviringishwa taulo ili isiiguse kalamu, na jeli yenyewe niliibadilisha Dar nilikolala usiku mmoja. Ilifika Tanga ikiwa nyuzi 7. Wallahi nilijipongeza. Siku ya tatu umeme ukakatika, na shangazi yangu, kwa huruma zake, akaihamisha kalamu kutoka kwenye friji na kuisukuma kwenye friza, katikati ya samaki, “isije ikaoza, mwanangu.” Nilipoikuta ilikuwa jiwe. Ilipoyeyuka dawa ilionekana safi kabisa, lakini kalamu iliyoganda haitumiki hata ikionekana nzima, nami niliitupa huku shangazi akinitazama kama mbadhirifu.

Jamaa mmoja alinipa namba ya muuzaji wa kalamu kwa WhatsApp. Sikupiga, kwani Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutidi (dawa iliyomo ndani ya Wegovy) bandia, na dawa inayopaswa kukaa kwenye ubaridi haifai kununuliwa kwa mtu ambaye hujui aliihifadhi wapi. Badala yake nilimwandikia daktari wangu. Dozi moja ya Mounjaro iliyokupita unaweza kuichoma ndani ya siku 4, na zikizidi hapo unangoja siku yako ya kawaida. Ukikosa kadhaa mfululizo, kama ilivyonitokea, usijirejeshee dozi ya juu kwa uamuzi wako, kwani tumbo huenda likakuadhibu.

Jambo la mwisho kuhusu mfuko wenyewe: usiuweke kwenye friji ukiwa umelowa, na usiufungie kabatini ukirudi safari. Jeli huchukua siku nyingi kurudi kuwa chembechembe, na ukiuhifadhi mbichi utaota ukungu. Huu wangu nimeuning'iniza karibu na dirisha tangu Jumapili iliyopita, na mkisogea mtaona pembe hii ya chini bado ina majimaji.