Uzoefu wangu na mafuta ya roketi ya Kerbal Space Program

Huu ni mchezo wa kompyuta wa kuunda vyombo vya anga za juu na kuvirusha kutoka Kerbin, sayari ya kubuni. Wengi huusifu kwa wale wanaanga wadogo wa kijani. Mimi nimenaswa na mafuta yake.

Hayana hata jina. Ni mafuta ya majimaji tu, pamoja na kioksidishaji cha kuyaunguza, kwani huko juu hakuna hewa. Tangi la FL-T400 hubeba uniti 180 za mafuta na 220 za kioksidishaji, kila uniti kilo 5. Hizo ni tani 2, na mchezo haukusamehi hata kilo moja.

Utamu wote uko hapo. Chukua chumba cha rubani mmoja, tangi hilo na injini ya Terrier. Nje ya angahewa, mafuta hayo yanatosha kubadili kasi yako kwa takriban mita 2,750 kwa sekunde. Ongeza tangi la pili kama hilo: badala ya 5,500 utapata kama 3,900, maana mafuta mengi yanaishia kusukuma mafuta mengine. Ni hesabu aliyoichapisha Konstantin Tsiolkovsky, mwanasayansi Mrusi wa roketi, mwaka 1903. Kwenye karatasi ilikuwa ngumu kwangu. Humu niliielewa nikitazama kipimo cha mafuta kikishuka na mwezi wa Kerbin bado uko mbali.

Hata hewa imehesabiwa. Terrier yenye ufanisi wa sekunde 345 kwenye ombwe (ufanisi wa injini za roketi hupimwa kwa sekunde; nyingi ni bora) hushuka hadi 85 ikiwashwa ardhini. Iache kwa hatua ya juu, yaani sehemu ya roketi inayowashwa hewa ikishaisha.

Nisichokipenda ni kwamba mafuta haya hayapotei. Oksijeni ya majimaji, kioksidishaji cha roketi nyingi halisi, huchemka kwenye nyuzi -183 za Selsiasi, na kuitunza safarini ni kazi kubwa. Hapa tangi linakaa angani miaka na tone halipungui. Kwa mchezo makini kiasi hiki, ningetaka mvuke nao uhesabiwe.

Bado nawashauri muununue, hasa wenye watoto wanaosoma fizikia. Mkifika kwenye injini ya nyuklia ya Nerv, kumbukeni inatumia mafuta peke yake: punguzeni kioksidishaji hadi sifuri kabla ya kurusha, la sivyo mtabeba mzigo wa bure.