Uzoefu wangu na mfumo wa kujengea programu ulioniambia hakuna kilichobadilika

Nimeutumia mfumo huu wa chanzo huria, unaogeuza msimbo (maandishi ya mtunga programu) kuwa programu inayoendeshwa na kurudia kazi kwa faili zilizobadilika tu, kwa miaka kadhaa, na hadi masika ya mwaka juzi nilikuwa mtu wa kwanza kuusifia kwa kila kijana aliyeniuliza aanze na upi. Jina lake silitaji, kwa sababu unaendelezwa na watu wachache wanaojitolea na sitaki hasira yangu iwaangukie wote kwa kosa la mmoja.

Ninatunza programu ndogo ya kukokotoa riba na marejesho ya SACCOS moja hapa Morogoro. Mweka hazina wao aligundua kwamba mwanachama akichelewa kulipa anakatwa faini mara mbili, na sababu niliipata upesi, kwani hesabu ya faini ilikuwa ikifanywa sehemu mbili tofauti. Nilifuta mstari mmoja, nikaamuru programu ijengwe upya, na mfumo ukamaliza chini ya sekunde moja. Katikati ya mistari mingi iliyopita kwenye skrini ulikuwepo ujumbe kwamba hakuna faili lililobadilika, lakini sikuuona. Niliinakili programu kwenye fleshi, nikapanda bodaboda na kuipeleka ofisini kwao.

Jioni yule mama mweka hazina akanipigia simu. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema, "Mwanangu, si uliniambia umerekebisha? Nimejaribu kwa wanachama watatu na wote wamekatwa faini mara mbili, na kesho ni siku ya marejesho." Nilimwomba radhi, nikamwahidi kwamba kabla hawajafungua ofisi kazi itakuwa imekwisha.

Usiku ule niliusoma msimbo mstari kwa mstari, na kila niliposoma niliuona uko sahihi. Niliongeza amri ya kuchapisha maneno "nimefika hapa" ndani ya sehemu ya faini, nikajenga tena, nikaendesha, na maneno hayo hayakutokea. Ilikuwa imebaki kidogo alfajiri iadhiniwe nilipoorodhesha faili pamoja na tarehe zake na kuona kwamba faili nililolihariri muda mfupi uliopita lilikuwa na tarehe ya 1 Januari 2012. Umeme ulikuwa umekatika mchana, kibetri cha saa kwenye ubao wa kompyuta kilikuwa kimekufa, na kwa kuwa kifurushi changu cha data kilikuwa kimekwisha, saa haikupata pa kujirekebishia kwenye intaneti. Mfumo ulilinganisha tarehe, ukaona faili langu ni kuukuu kuliko kilichojengwa siku zilizopita, ukahitimisha kwamba hakuna kazi, ukanyamaza.

Anayeijua historia ya kazi hii ataelewa kwa nini nilikasirika kiasi kile. Stuart Feldman alitengeneza Make, mfumo mkongwe wa kujengea programu, katika maabara za Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari ilikuwa sahihi, kumbe faili alilolirekebisha halikuwa limekompailiwa upya, yaani halikuwa limegeuzwa tena kuwa programu. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta, mwaka 2003, na keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, hadi leo hujengwa kwa Make. Yaani mifumo hii yote ilizaliwa ili mtu asipatwe na lililonipata mimi. Isitoshe, GNU Make yenyewe, toleo huria la Make ambalo vijana hulidharau kwa uzee wake, hutoa onyo inapokuta faili lenye tarehe ya wakati ambao haujafika, na kwa saa yangu iliyorudi 2012, vyote vilivyojengwa siku zilizopita vilikuwa hivyo. Huu wangu, uliojitangaza kuwa wa kisasa, haukusema lolote.

Niliandika taarifa ya hitilafu kwa utulivu wote niliokuwa nao. Nilieleza hatua za kuizalisha upya, nikaambatisha orodha ya faili na tarehe zake, nikapendekeza onyo la mstari mmoja. Jibu lilikuja baada ya dakika chache kutoka kwa mmoja wa wasimamizi: "Hii si hitilafu. Rekebisha saa yako." Papo hapo taarifa ikafungwa, nami nikazuiwa hata kuongeza maelezo.

Rekebisha saa yako! Kompyuta nyingi tunazofanyia kazi huku ni za mitumba, hutufikia zikiwa zimetumika miaka mingi kwingine, na kibetri cha saa ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufa. Umeme ukikatika, saa hurudi nyuma. Chombo kinachojengwa kwa kudhani kwamba saa ya kila mtu ni sahihi kimejengwa kwa ajili ya watu wachache, na mwenye chombo hicho hana haki ya kumfukuza mlangoni anayemweleza hivyo kwa adabu. Siku ile ningetoa nyota moja, na hata hiyo ningeitoa kwa shingo upande.

Lakini msimbo uko wazi, na nilikuwa na hasira ya kutosha kuusoma. Tatizo lilikuwa kwenye swali lenyewe ambalo mfumo huliuliza faili, yaani kama ni jipya kuliko kilichojengwa. Swali bora ni kama faili ni lilelile lililoonekana mara ya mwisho. Ukihifadhi tarehe na ukubwa wa kila faili baada ya kujenga, basi tofauti yoyote, iwe mbele au nyuma, inatosha kuamuru kazi irudiwe. SCons, mfumo mwingine wa kujengea programu, huenda mbali zaidi na kwa kawaida hukagua maudhui yenyewe, ila kusoma maelfu ya faili kuna gharama yake. Niliandika marekebisho, pamoja na onyo, nikayatuma.

Yalikaa miezi mingi bila kuguswa. Kisha msimamizi mwingine akayachukua, akanieleza kwa subira kwamba njia yangu ingepunguza kasi kwenye diski za mtandaoni, akanionyesha mahali pa kuhifadhi kumbukumbu ili faili lisiulizwe mara mbili, akaniomba niongeze jaribio linaloirudisha saa nyuma kwa makusudi. Tulirekebishana mara nne au tano. Sijawahi kufundishwa kazi kwa heshima namna ile, na marekebisho yalipokubaliwa niliamua kwamba nyota ni nne.

Nikiwa naandika haya nimeifungua tena ile taarifa yangu ya kwanza. Bado imefungwa, bado ina alama ya "si hitilafu", ilhali toleo jipya limetoka likiwa na suluhisho la jambo hilohilo, na aliyenijibu bado anawafungia wengine milango kwa sentensi mbili. Nyota nne nilizitoa haraka mno. Ni tatu, na ya tatu ni ya yule msimamizi wa pili.

Atakayeusakinisha achukue toleo jipya kutoka kwa wenyewe, asitegemee lile la zamani ambalo huenda tayari limo kwenye kompyuta yake, kwa maana lile la zamani halionyi chochote.