Santuri ununue wapi? Mpangilio wangu, wa kwanza hadi wa mwisho

Anayeanza kukusanya santuri huuliza anunue albamu gani. Swali la kwanza liwe anunue wapi, maana santuri ni kitu cha kukagua kwa macho na masikio kabla hela haijatoka mfukoni.

Nafasi ya kwanza nayapa maduka madogo yanayojitegemea, hasa yenye mashine ya kusikilizia. Toa sahani kwenye jalada, ishike kingoni, iinamishe chini ya taa. Michirizi myepesi mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama utagonga kila mzunguko. Tazama tundu la katikati: vijistari vingi kwenye lebo kulizunguka ni alama kwamba imepandishwa mashineni mara nyingi. Halafu omba wimbo wa mwisho wa upande mmoja. Sahani ya albamu huzunguka kwa mwendo uleule, mizunguko 33⅓ kwa dakika, lakini karibu na lebo duara ni dogo, sauti imebanwa kwenye mfereji mfupi, na uchakavu husikika huko mapema. Muuzaji anayeipenda kazi yake hatachukia ukifanya hivyo. Atakusomea hata namba zilizochorwa pembeni ya lebo, akuambie ni toleo lipi. Ndiyo maana nakushauri uende siku ya kawaida. Record Store Day, siku ya kila mwaka ya kusherehekea maduka ya santuri, iliyoanza 2008, imeyasaidia sana maduka haya, ila siku hiyo foleni haimwachii mtu nafasi ya kukaa na wewe.

Ya pili, kwa santuri mpya, ni kwa msanii mwenyewe au kampuni inayotoa muziki wake. Hela inamfikia aliyefanya kazi. Usivutwe na maneno "gramu 180". Uzito hauongezi utamu wa sauti, kinachoamua ni rekodi mama, ile ya asili zinakotoka nakala, na mkono wa fundi aliyeikata.

Ya tatu ni mtandaoni. Discogs, tovuti yenye orodha na soko la santuri iliyoanza 2000, naifungua karibu kila siku kulinganisha matoleo na bei. Kununua ni habari nyingine, kwa sababu unategemea jicho la mtu usiyemwona. Jifunze alama zao za hali ya sahani: NM ni karibu mpya, VG+ imetumika kwa uangalifu, na G, ingawa ni kifupi cha neno "nzuri" kwa Kiingereza, ni sahani iliyochoka. Niliwahi kuletewa VG+ iliyopinda kama ukingo wa bakuli. Tangu hapo naomba picha iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, na sahani isafirishwe nje ya jalada lake isije ikapasua mshono njiani.

Mwisho kabisa ni marundo ya mitumba. Chukua ile tu ambayo hutaumia ikikataa kucheza, na uwe mwangalifu na zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika: nyingi ni za shelaki, si plastiki, huvunjika zikianguka, na zinataka sindano pana zaidi.