Ruger Super Redhawk ya .44 Magnum: inchi 7.5 ama 9.5 kwa kulungu?

Mwindaji wa Lubumbashi anajua kalibre 12: mtutu mmoja ama miwili, chevrotine (risasi ya vidonge vikubwa), mita 30, kazi imekwisha. Bastola kwake ni kitu cha polisi na askari. Lakini ndugu waliohamia Ohio, Kentucky ama Michigan wanakuta huko watu wanaingia porini na rivolva kuwinda kulungu wa mkia mweupe, na kila Novemba ikikaribia maswali yanafika mpaka huku: ninunue ipi, na mtutu uwe wa urefu gani? Jibu letu ni Super Redhawk ya .44 Magnum, mtutu wa inchi 7.5. Ile ya inchi 9.5 inapendeza kwenye picha kuliko mkononi.

Ruger waliitoa mwaka 1987. Ni ya chuma kisichoshika kutu, inabeba risasi sita, na ikiwa tupu ina uzito wa kilo 1.5 kwa mtutu wa inchi 7.5, kilo 1.64 kwa 9.5. Mwenye mikono midogo ataona mshikio ni mnene. Fremu yake imerefushwa mbele kuukumbatia mtutu, na hapo ndipo darubini inapokaa. Vikalio vya pete zinazoishika darubini vimechongwa ndani ya chuma chenyewe, na pete zinakuja ndani ya boksi. Usilichukulie kama jambo dogo. Bastola ambayo kikalio cha darubini kimefungwa kwa skrubu nyembamba juu yake, .44 itazilegeza skrubu hizo, na utaanza kukosa bila kujua kwa nini. Hapa kilichobaki kukaguliwa ni skrubu za pete tu. Zikaze, piga risasi kumi na mbili, kisha zikaze tena.

Sasa mtutu. Wengi wanalipia urefu wakidhani wananunua kasi. Risasi ya kiwanda ya .44 yenye kichwa cha grein 240, yaani gramu 15.5, inapewa kasi ya mita 360 hivi kwa sekunde katika mtutu wa majaribio wa inchi 4. Kwenye inchi 7.5 inakaribia mita 400, kutegemea baruti. Kutoka hapo, kila inchi unayoongeza inaleta mita 7 hadi 10 tu kwa sekunde. Inchi mbili za ziada za ile 9.5 ni mita 20 ukibahatika. Kulungu aliyesimama mita 60 hatajua tofauti.

Faida ya kweli ya urefu iko kwenye vilengeo. Kwenye mtutu wa inchi 7.5, kilengeo cha mbele na cha nyuma vinaachana sentimeta 24. Kilengeo cha mbele kikienda kando milimita moja tu, kwenye mita 50 risasi itaenda kando sentimeta 21. Fanya kosa hilohilo kwenye bastola fupi yenye sentimeta 15 kati ya vilengeo, unapotoka sentimeta 33. Kwenye ile ya 9.5 ni sentimeta 17 na kitu. Na sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimeta 20 hivi, maana yake ukilenga katikati unaruhusiwa kupotoka sentimeta 10 tu. Kwa hiyo hata na 7.5 mkono wako hauna nafasi ya kosa la nusu milimita kwenye mita 50. Asiyeweza kuweka risasi zake zote sita ndani ya sahani ya chakula, apunguze umbali mpaka aweze, na huo ndio uwe mpaka wake wa kuwinda.

Mbona basi tusichukue 9.5, kama kosa linapungua? Kwa sababu uzito wa ziada uko mbele kabisa, na mkono uliochoka unatetemesha ncha. Pia ukifunga darubini, faida ya vilengeo kuachana inakufa: unabaki na chuma kirefu kisichokupa kitu. Kisha kuna kuibeba. Ya 7.5 inakaa kwenye mkoba wa kifuani, hata ukiketi juu ya mti haigongi kitu. Ya 9.5 yenye darubini inataka mkanda wa begani kama bunduki, na ukifika hapo afadhali ungechukua bunduki. Tunaikubali kwa mtu mmoja tu: anayepiga kwa vilengeo vya chuma, akiwa ndani ya kibanda, na kitu cha kuegemeza mikono.

Ukitaka darubini, iwe ya bastola, inayotazamwa mkono ukiwa umenyooka. Darubini ya bunduki itakuonyesha giza. Nguvu ya mara 2 inatosha. Zile za 2 hadi 7 wengi wanaishia kuziacha kwenye 2, kwani ukikuza zaidi unaona mtetemeko wa mkono wako badala ya mnyama.

Ipangie shabaha kwenye mita 50. Kwa kasi ya mita 400, kwenye mita 100 risasi itakuwa imeshuka sentimeta 17 hadi 19 chini ya unapolenga. Kushuka huko peke yake kunaitoa risasi kwenye mapafu na kuipeleka chini ya kifua ama mguuni. Mita 75 iwe mwisho, kwa mtu aliyefanya mazoezi. Kwa kichwa cha risasi chagua cha grein 240 chenye ncha laini ya madini ya risasi ama kile chenye tundu kwenye ncha kilichotengenezwa kwa uwindaji, kama XTP ya Hornady. Vichwa vigumu vya kuyeyushwa vya grein 300 ni vya wanyama wakubwa. Kulungu mwembamba anatobolewa upande mpaka upande, na unaongeza teke, yaani msukumo wa bastola kurudi mkononi, bure.

Teke lenyewe linavumilika kwa uzito huu. Kinachoharibu wapigaji ni kelele. Bila vizibo vya masikio, hata porini, risasi moja tu inatosha kuharibu usikivu, na mtu akishaogopa mlio anafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Dawa yake: mpe rafiki akuwekee silinda yenye risasi tatu na maganda matatu matupu, bila wewe kujua mpangilio. Nyundo ikiangukia ganda tupu na ncha ikazama, umejiona mwenyewe.

Usiegemeze mtutu juu ya tawi ama ukingo mgumu. Risasi itapanda juu. Mikono ndiyo iegemee, chini yake weka koti ama begi. Na vidole vikae mbali na upande wa mbele wa silinda: moto unaotoka kwenye mwanya pale unachana nyama. Ukitoa maganda, elekeza mtutu juu, ili chembe za baruti zisiingie chini ya nyota, kile kipande cha nyuma ya silinda kinachosukuma maganda nje. Zikiingia, silinda haifungi vizuri ama inakwama kuzunguka. Anayefanya mazoezi kwa .44 Special, kwa kuwa ni nafuu na teke lake ni dogo, asugue vyumba vya silinda kabla ya kurudi kwenye Magnum. Ganda lile fupi linaacha pete ya uchafu, na ganda refu linagoma kutoka.

Wapinzani kwa haraka. Redhawk ya kawaida ya inchi 5.5 inabebeka vizuri na ni imara vilevile, nzuri kwa mita 40 bila darubini. Smith & Wesson 629 ya inchi 6.5 ina kifyatulio laini zaidi, hilo hatubishani, ila haipendi miaka mingi ya risasi nzito. Super Blackhawk Hunter, ya kukokea nyundo kwa kidole, ni chaguo zuri kwa asiyejali kujaza risasi moja moja. .357 Magnum? Nguvu yake mdomoni ni jouli 725 hivi, .44 ya mtutu mrefu inapita 1,200. Inaua kulungu, lakini iishie mita 40 na kwa mkono uliokomaa.

Kabla ya kulipa, soma kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huo. Ohio inataka mtutu usiopungua inchi 5, Indiana na Illinois inchi 4. Texas inakataza risasi za .22 za kawaida kwa kulungu. Duka lenye leseni halimuuzii bastola aliye chini ya miaka 21, wala mkazi wa jimbo lingine. Mwenye karati ya ukaaji wa kudumu ananunua. Aliyekuja kwa viza ya matembezi haruhusiwi hata kuishika kama hana permi halali ya kuwinda ama msamaha mwingine wa sheria. Na wazo la kuirudisha Lubumbashi kama zawadi liache hukohuko: silaha zetu ziko chini ya Ordonnance-loi n° 85-035 ya 1985, na uwindaji chini ya sheria n° 82-002 ya 1982.

Kwa iliyotumika, nenda na karatasi za kuchapishia. Omba muuzaji aifungue, uhakikishe vyumba vyote sita ni vitupu, kisha uifunge. Karatasi moja, yenye unene wa milimita 0.1, ipite kati ya silinda na mtutu. Zikipita tatu pamoja, mwanya ni mkubwa na bei ishuke. Koka nyundo polepole kwenye kila chumba, sikia kama silinda inafunga kabla nyundo haijafika mwisho. Chumba kimoja kikichelewa, rudisha bastola mezani.