HP Pavilion HDX9000: laptopu ya inchi 20 bado ina kazi gani leo?

Karibuni watazamaji. Mashine iliyo mbele yangu ni HP Pavilion HDX9000, ile ambayo wengi waliizoea kwa jina la Dragon. Ilitoka mwaka 2007, kioo chake ni inchi 20.1 na uzito wake ni kilo 7 hivi. Na ndiyo, ni laptopu: ina betri, ina kibodi yake, inakunjwa. Ila haikutengenezwa ibebwe begani kila siku. Iliundwa ikae mezani ifanye kazi ya kompyuta ya mezani, redio na televisheni kwa pamoja, na ukihama chumba uifunge uhame nayo.

Swali ninaloulizwa kuhusu mashine za kundi hili ni lile lile: mtu ameiona inauzwa, ainunue au aipite? Nakujibu mapema. Ukiitaka kwa kazi za intaneti, ipite. Ukiitaka kwa kutazama na kusikiliza, tuendelee, maana upande huo ina vitu ambavyo laptopu nyingi mpya hazina.

Naanza na sauti, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Kuna spika 4 za Altec Lansing, halafu chini ya mashine kuna sabufa, yaani spika ya besi. Sabufa ya kweli kabisa! Laptopu nyembamba za sasa zinajitahidi sana kuirembesha sauti kwa programu, lakini besi ni hewa inayosukumwa, na hewa inataka nafasi. Humu ndani nafasi ipo. Weka muziki wa dansi usikilize gitaa la besi: unalifuata noti kwa noti, halimezwi na ngoma. Kwenye filamu, sauti za waigizaji zinabaki wazi hata muziki ukipanda. Sisemi inazishinda spika nzuri za kujitegemea, haizishindi. Lakini kwa kitu kimoja unachokikunja ukakiweka kando, mimi nimeipenda sana. Iweke tu juu ya meza ngumu. Ukiilaza kitandani unaiziba sabufa, na joto linakosa pa kutokea.

Haya, kioo. Kuna matoleo ya pikseli 1680 kwa 1050 na mengine ya 1920 kwa 1200. Umbo ni la 16 kwa 10, kwa hiyo kina urefu kidogo kwenda juu kuliko vioo vya siku hizi vya 16 kwa 9, na ukisoma kurasa ndefu utaufurahia. Lakini angalieni hii bawaba. Zipo mbili, ya chini na ya juu, hivyo kioo unakivuta kabisa kikusogelee juu ya kibodi, kisha unakiinamisha unavyotaka. Ubunifu huu nasikitika kwamba haukuenea. Udhaifu wa kioo ni taa yake. Enzi zile taa ya nyuma ilikuwa ya mirija, si LED, na mirija ikichoka mwanga unapungua na weupe unaanza kuelekea umanjano. Hilo halirekebishiki kwenye mipangilio.

Rimoti ina kishimo chake pale pale kwenye uso wa mashine, unaichomoa unakaa mbali. Baadhi ya mashine hizi zilikuja na kipokezi cha televisheni, ila kama kwenu matangazo ya analogia yameshazimwa, sehemu kubwa ya faida yake imeondoka nayo. Kuna pia zilizokuja na kisomeo cha HD DVD, diski za filamu za ubora wa juu. Kumbukeni vile vita vya kurithi nafasi ya DVD: HD DVD upande mmoja, Blu-ray upande mwingine, mpaka Toshiba ilipotangaza Februari 2008 kwamba inaachana na HD DVD. Ukiipata yenye kisomeo hicho, bado inakusomea DVD na CD za kawaida, na kama una rundo la diski unataka kuzihamishia kwenye faili, hiyo ni kazi nzuri ya kuipa.

Sasa tuingie ndani. Prosesa ni Core 2 Duo, yaani viini viwili. RAM ni DDR2, rasmi hadi GB 4. Kuna nafasi ya diski mbili za inchi 2.5, na hapo ndipo pesa yako ya kwanza iende: weka SSD, yaani diski isiyozunguka. Muunganisho wa zamani hautaipa kasi yake yote, lakini tofauti na diski ile ya kuzunguka utaiona tangu inapowaka.

Mfumo ulioletwa nayo ni Windows Vista, ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2017. Windows 10 inapanda, lakini huduma yake ya kawaida imekoma Oktoba 2025. Windows 11 usiihangaikie: tangu toleo la 24H2 inadai maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina kabisa, kwa hiyo haiwaki hata kwa njia za mkato. Nenda Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ya biti 64 yenye mazingira mepesi. Linux Mint yenye Xfce, mojawapo ya mazingira hayo mepesi, inatosha.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bila sababu. Wanafungua YouTube, video inakwama, wanasema mashine imekufa. Haijafa. YouTube leo inapenda kukutumia video zilizobanwa kwa miundo mipya ya VP9 au AV1, na kadi za picha za mwaka 2007 hazizijui, basi mzigo wote unaangukia prosesa yenye viini viwili. Weka kwenye kivinjari kiongezo cha kulazimisha muundo wa zamani wa H.264, kama h264ify, kisha shusha ubora hadi 720p. Hali inabadilika. Njia bora zaidi ni kucheza faili lenyewe kutoka kwenye diski kwa programu ya VLC. Filamu ya H.264 ya 1080p ya kawaida iko ndani ya uwezo wake. Ya 4K usijaribu, na hata kioo hakina pikseli za kuionyesha.

Ninayoipenda kuliko zote ni hii: kuifanya spika ya simu. Ukiwa na Bluetooth, ya ndani au ya kuchomeka kwenye USB, Linux inaweza kupokea muziki kutoka kwenye simu yako na kuutoa kwenye spika zile 4 na sabufa. Unachagua wimbo ukiwa umekaa, mashine inaimba. Michezo ya kompyuta ya miaka ya 2000 nayo inakaa vizuri humu, kwa sababu vifaa na michezo ni vya rika moja.

Wengi huuliza kama wanaweza kukitumia kioo hiki kama skrini ya kompyuta nyingine. Hapana. Tundu lile la HDMI linatoa picha, halipokei.

Ukienda kuikagua, usiulize betri. Chukulia imekwisha, na mashine hii ni ya kuchomekwa ukutani hata hivyo. Hakikisha chaja yake ya asili ipo, maana inakula umeme kuliko laptopu za kawaida na chaja ndogo haitaimudu. Iache iwake, icheze filamu kwa nusu saa, ukisikiliza feni na kutazama kama picha inaanza kuvunjika au kuweka mistari. Mistari ikitokea, ondoka, kwa sababu kadi ya picha ikianza kuumwa kwenye mashine ya umri huu matengenezo hayalipi. Ikipita hapo, ukishaichukua ifungue, toa vumbi, badilisha pesti ya joto na betri ndogo ya saa kwenye ubao. Kisha vuta kioo kije mbele na upandishe sauti.

Mwenye nayo aniandikie hapo chini anaitumia kwa kazi gani, hasa kama ameshaipandisha Linux na vitufe vya kugusa vya sauti vya mashine hii vinaitika.