Kilti ya Jeshi: Igeuze Nyuma Kwanza

Haya, hamjambo. Leo hakuna simu wala spika. Leo mezani nina kilti mbili, zile nguo za marinda wanazovaa wanaume wa Uskoti, na kabla hujakimbilia kwenye komenti kuandika "mwanamume na sketi", kumbuka mimi ni mtoto wa Kongowea. Kwetu mzee akifunga kikoi akaenda zake msikitini hakuna anayegeuza shingo.

Kisa chenyewe: rafiki yangu anaoa hapa Glasgow Jumamosi, na sisi wasimamizi tumeambiwa tuvae tartani ya jeshi, yaani kile kitambaa cha miraba ya rangi kinachoshonewa kilti, yoyote ile, ilimradi isiwe ya duka la watalii. Nikaona jambo dogo hilo. Nikaingia mtandaoni, nikalipa pauni 45, ikaja hii. Ipo hapa mkono wa kushoto. Nitairudia, kwa aibu.

Kwanza tujue tunachotafuta. Mama wa tartani za jeshi ni hii ya Serikali, buluu iliyokoza, kijani na nyeusi. Wengi wanaiita Black Watch kwa jina la kikosi. Kikosi chenyewe kilianzia kwenye makampuni ya walinzi yaliyoundwa 1725, na 1739 kikafanywa regimenti kamili. Halafu sikiliza hili. Baada ya maasi ya 1745, Waskoti wa nyanda za juu dhidi ya mfalme, kushindwa, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi haya kule nyanda za juu, na haikufutwa mpaka 1782. Wanajeshi hawakuguswa. Kwa hiyo miaka yote ile, mwanamume wa kawaida aliyetaka kuvaa kilti bila kukamatwa, njia iliyokuwa wazi ni kuandikishwa jeshini. Aliyeivua na aliyeiruhusu ni huyo huyo mmoja.

Ukiichukua hiyo ya Serikali ukaipitishia mstari wa njano, unapata ya kikosi cha Gordon. Ukaipitishia mweupe na mwekundu, unapata ya kikosi cha Seaforth. Argyll ni ile ile, rangi zimefunguka kidogo. Cameron ndiyo haimo katika familia hiyo, ina mchoro wake. Mwaka 2006 regimenti nyingi za askari wa miguu za Uskoti ziliunganishwa kuwa moja, inayovaa ya Serikali, kwa hiyo nyingine nyingi utazipata kwa mafundi au kwenye mitumba.

Mimi nimechukua Gordon. Black Watch niliiacha makusudi. Batalioni yao ya kwanza ililetwa Kenya 1953, wakati wa Mau Mau, na mama mkwe wangu ni mtu wa Nyeri. Picha za harusi zitamfikia. Sisemi regimenti nyingine zilikuwa za malaika, nasema tu kwamba kuna maswali sitaki kuulizwa kwenye simu.

Sasa njoo karibu. Kila mtu anayenunua kilti anaitazama mbele. Mbele ni bapa, kitambaa kimelala tu, hata fundi mbovu atakuridhisha pale. Igeuze. Hii ni ya pauni 45: fuata mstari wa njano kwa kidole changu. Rinda hili umo katikati. La pili umesogea ukingoni. La tatu haupo. La nne huo umerudi, lakini umepinda kama barabara ya kupanda Wundanyi.

Na hii ya pili. Tazama. Njano, njano, njano, njano, kila rinda na mstari wake katikati, kuanzia kiunoni mpaka chini. Hivi ndivyo jeshi linavyoshona: rinda linafuata mstari. Kilti ya raia kwa kawaida hukunjwa ili mchoro wa mbele ujirudie nyuma, miraba kwa miraba. Ya jeshi nyuma yake ni tofauti kabisa na mbele. Kwa hiyo ukiletewa "kilti ya jeshi" ambayo mgongo wake ni sawa na tumbo lake, tartani ni ya jeshi, ushonaji siyo. Nimehesabu marinda 27. Nikitembea... subirini nirudi nyuma... mmeona? Ukisimama ni kijani na njano, ukipiga hatua yanafunguka, buluu inachungulia. Hilo huwezi kulipata kwa kitambaa chepesi.

Chini sasa. Ile ya mtandaoni ina pindo, imepigwa cherehani kuzunguka. Kosa. Kilti nzuri haina pindo, kwa sababu ukingo wake wa chini ni ukingo wa kitambaa chenyewe, ulivyotoka kwenye kitanda cha mfumi. Pindo linafanya marinda yawe mazito chini, yanasimama kama pazia la ofisi.

Uzito. Nimeazima mizani ya jikoni. Ya pauni 45 ni gramu 870, na si sufu, ni nailoni na jamaa zake. Hii ya jeshi: kilo 2 na gramu 300. Inayoitwa kilti kamili hula yadi 8 za sufu. Ukiagiza mpya utaulizwa wakia ngapi kwa yadi. 13 ni ya kiangazi na ya kucheza dansi, 16 inafaa kwa karibu kila kitu, na za jeshi hupanda zaidi ya hapo. Usiseme joto. Hapa Glasgow joto ni habari ya gazetini.

Bei basi. Mpya, ya sufu, iliyoshonwa kwa mkono, jiandae kwa pauni 500 na kupanda. Sikuwa nazo. Nikarudi kwenye taaluma ya nyumbani: mitumba. Duka la vifaa vya zamani vya jeshi, pauni 120, na muuzaji hakujua kwamba anashughulika na mtu aliyelelewa kwenye mabelo. Ukiikamata ya namna hii, ifungue ndani. Hapa kuna bitana, kuna turubai ya kuimarisha kiuno, na hapa alama ya mshale, mali ya jeshi. Kisha inyanyue kwenye mwanga, rinda moja moja, utafute matobo ya nondo. Nondo wa kula sufu, si chuma cha ujenzi, ndugu zangu wafundi. Mimi nilipata tobo moja chini ya rinda la sita, nikalitumia kuteremsha bei kutoka 150. Chawa usiwaogope, hao walikuwa mateso ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, walijificha humu ndani ya mikunjo.

Saizi ndiyo inayowaponza wengi. Usitaje saizi ya jinzi. Jinzi inakaa nyongani, kilti ya jeshi inapanda juu ya kitovu, na urefu wake unaishia katikati ya goti. Pima kwa futi ya fundi, kiuno na nyonga, ukiwa umeshiba, kwa sababu bizimu hizi zitakupa nafasi ya inchi moja au mbili tu. Mbele vipande viwili hupandana, na ile pini ya mapambo ishike kipande cha juu peke yake. Ukichoma vyote viwili, siku utakayokaa vibaya utasikia sauti ya pauni 120 ikichanika.

Kufua hakuna. Anika kivulini, piga brashi. Ukitaka kupiga pasi, piga bandi marinda yote kwanza kwa uzi mweupe, weka kitambaa kibichi juu, ndipo pasi. Mimi jana ilinichukua saa mbili, na bandi zenyewe bado sijazifumua, mnaziona hizi hapa.

Ya pauni 45 nimewaandikia wanirudishie hela, wamenijibu kwamba mchoro "hutofautiana kidogo". Soksi na ule mkoba wa mbele tutaviona video ijayo. Acha nirudishe mizani jikoni kabla mwenyewe hajatoka kazini.