Cheti bila kugeuza stempu: uzoefu wangu na huduma ya uhakiki mjini Copenhagen

Ninakusanya stempu za zamani za Denmark tangu nilipohamia Copenhagen, na muda wote huo nimekuwa nikisikia duka moja la katikati ya mji likisifiwa kwa huduma yake ya uhakiki. Unapeleka stempu, unalipa ada, unasubiri, kisha unapewa cheti chenye picha, sahihi na mhuri wa duka. Sitalitaja duka hilo, ingawa hasira niliyo nayo inanishawishi nilitaje. Cheti walichonipa kwa stempu yangu ya buluu hakifai kitu, na kilichoniudhi kuliko kosa lenyewe ni kijana wa kaunta aliyekataa katakata kuigeuza stempu hiyo na kuitazama mgongoni.

Stempu za kwanza za Denmark zilitolewa mwaka 1851. Ile ya kahawia, ya rigsbankskilling 4 (fedha ya Denmark ya wakati huo), ilikuwa ya barua za kwenda popote nchini, na ile ya buluu, ya rigsbankskilling 2, ilikuwa ya barua zilizopelekwa ndani ya Copenhagen. Ya kahawia ilichapwa kwa wingi sana, kwa hiyo iliyogongwa mhuri bado inapatikana bila taabu kubwa. Ya buluu ni adimu, na ambayo haikutumika ni adimu zaidi. Katikati ya miaka ya 1880, na tena mwaka 1901, wakati stempu hizo zilikuwa zimeacha kutumika kitambo, zote mbili zilichapwa upya. Chapa hizo za marudio zina historia yake na zina wapenzi wake, nami sioni aibu kuwa nayo mojawapo katika albamu, mradi chini yake paandikwe kwamba ni chapa ya marudio. Lakini mtu akiiuza kwa jina na bei ya stempu ya 1851, huo ni wizi, na kazi ya mhakiki ni kuuzuia.

Stempu yangu ya buluu niliinunua kwa mkusanyaji mmoja aliyekuwa akipunguza mali yake. Ilikuwa haijatumika, na tulikubaliana kwa maandishi kwamba cheti kikisema si ya asili, ataipokea na kunirudishia fedha zangu. Ndiyo maana nilikimbilia kwenye duka lenye sifa. Cheti kilipotoka kikasema ni stempu ya asili, ambayo haijatumika na yenye gundi yake, muuzaji akafurahi, mkataba wetu ukafungwa, na mimi nikabaki na stempu.

Jioni moja, baada ya hapo, niliilaza kifudifudi katika kisahani cheusi na kuidondoshea benzini safi, kama wafanyavyo wakusanyaji wote. Stempu za asili za 1851 zilichapwa kwenye karatasi yenye alama ya maji ya taji, yaani alama iliyofichwa ndani ya karatasi yenyewe, na benzini ikiingia katika karatasi, mistari ya taji hujitokeza ikiwa na weusi kidogo kuliko sehemu nyingine, hata kama taji limekatika upande mmoja. Hapa halikujitokeza taji, wala ncha ya taji. Karatasi ilikuwa nene, ya rangi ya manjano hafifu, tupu kutoka ukingo hadi ukingo. Benzini ilipokauka nikachukua kikuza. Chini ya mchoro wa buluu stempu ya asili huwa na mtandao wa mistari membamba ya mawimbi ya rangi ya manjano iliyoingia kahawia. Mistari ya stempu yangu ilikuwa ya kahawia iliyokolea, kama ilivyo katika chapa za marudio. Karatasi, alama ya maji na rangi ya mistari vyote vilisema neno moja.

Nilirudi dukani na stempu, cheti, kisahani na chupa ya benzini. Nilimsalimu kijana wa kaunta, nikamweleza kwa heshima zote kwamba nadhani kuna jambo halikukaguliwa, nikamwomba aitie stempu kwenye kisahani mbele yangu, au kama hataki benzini yangu atumie yao. Hakuishika. Alisema stempu huchunguzwa kwa picha za kompyuta zenye ubora wa juu kabisa, na kwamba benzini ingeharibu gundi. Nilimjibu kwamba maji ndiyo huyeyusha gundi, benzini haiyeyushi, na kwamba picha ya upande wa mbele, hata iwe na ubora gani, haiwezi kuonyesha kilichomo ndani ya karatasi. Hapo aliniangalia juu hadi chini akasema, mbele ya wateja wengine, kwamba stempu hizi ni zao, wamekua nazo, na watu waliotoka mbali hawawezi kuja kuwafundisha.

Nimeishi na maneno hayo kwa muda sasa, na bado yananichoma. Zanzibar zipo stempu za India za mwaka 1895 zilizochapwa jina la Zanzibar juu yake, na jina hilo limeghushiwa sana. Mgeni yeyote anayejua kutofautisha herufi za kweli na za bandia nitamketisha na kumsikiliza, atoke popote atokako. Stempu haimuulizi mtu kwao ni wapi. Taji lipo au halipo.

Haki inanilazimisha niseme pia kwamba katika duka hilo hilo yupo mama mmoja wa makamo, chumba cha nyuma, ambaye alinihudumia vizuri kuliko nilivyowahi kuhudumiwa popote. Siku ya kwanza nilikuwa nimepeleka pia stempu ya kahawia iliyotumika, yenye mhuri wa miduara na namba 1 katikati, namba ya Copenhagen. Aliitoa kwa kibano, akaigeuza, akaitazama alama ya maji, kisha akainamisha taa ili mwanga uje kwa ubavu na kunipa kikuza. Niliona mistari ya mawimbi imeinuka kidogo juu ya karatasi. Alinieleza kwamba katika uchapaji wa kwanza mtandao huo ulichapwa kwa bamba la shaba, ndiyo sababu ni wazi na umeinuka, na kwamba baadaye uchapaji ulibadilishwa na mistari ikawa hafifu na bapa. Nilitoka pale nikiwa na furaha isiyo kifani, na lau ningeandika maoni haya siku hiyo, ningewapa nyota zote tano na kuwatuma wenzangu wote.

Kwa hiyo utaalamu wanao, na hilo ndilo linalozidi kunikasirisha. Macho yanayoweza kutofautisha mstari ulioinuka na mstari bapa yamo humo humo, hatua chache kutoka kaunta, na bado stempu ya thamani kubwa zaidi inapitishwa kwa picha.

Kijana aliongeza kwamba alama ya maji si ushahidi wa mwisho. Ni kweli kwa upande mmoja tu. Jean de Sperati, mghushi aliyefariki mwaka 1957, alikuwa akifuta mchoro wa stempu halisi za bei ndogo na kuchapa mchoro wa stempu adimu juu ya karatasi ile ile, hivyo karatasi na alama ya maji vikabaki vya kweli. Kuwapo kwa taji, basi, hakutoshi kuthibitisha stempu. Lakini kukosekana kwake kabisa, katika karatasi nene ya manjano, chini ya mistari ya kahawia iliyokolea, hakuhitaji mjadala. Na mgongo una habari nyingine pia: ile ya kahawia ilichapwa tena mwaka 1951 kwa rangi mbalimbali, na chapa hizo zimeandikwa mgongoni. Asiyegeuza stempu hata maandishi hayo hatayaona.

Baadaye walinipigia simu wakasema watanirudishia ada yangu nikiwaletea cheti, na kwamba jambo liishie hapo. Nilipoanza kuandika nilidhani ningewapa nyota tatu kwa ajili ya yule mama. Sasa ninawapa moja. Ada si hasara yangu. Hasara yangu ni fedha za stempu ambazo muuzaji angenirudishia kama cheti kingesema kweli, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba picha ya cheti hicho imeshatumwa kwa muuzaji na imo katika kumbukumbu zao, tayari kumpoteza mnunuzi mwingine siku mimi nisipokuwapo. Nimewaandikia nikitaka mambo mawili: yule mama aitazame stempu kwa mikono yake, na duka litoe barua ya kukifuta cheti, yenye namba yake, ambayo nitaipeleka kwa muuzaji. Hawajajibu, na cheti sitakirudisha hadi barua hiyo itoke.